Vitako vya ndege ndogo kwa mchezo wa vita ya anga juu ya Ziwa Victoria: shajara ya mradi

Januari: orodha na vipimo

Kazi ni vitako 12, yaani vibao vidogo ambavyo ndege husimama juu yake, vya ndege ndogo za kipimo cha 1/300, kwa mchezo wa mezani wa vita ya Kagera ya 1978–79, upande wa anga peke yake. Zipo ndege za kivita: MiG-21 nne za Tanzania, MiG-21 tatu na MiG-17 nne za Uganda, na Tu-22 moja ya Libya, ndege kubwa ya mabomu. Hiyo ya mwisho haikosekani kwenye meza ya Mwanza. Tarehe 29 Machi 1979 Tu-22 ya Libya ilitumwa kuupiga mji huu, mabomu yakaukosa na kuangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala.

Ramani imechapwa kwenye turubai la mabango, na pembesita zake, yaani vyumba vya pande sita ambamo ndege husogezwa, zina mm 60 kutoka ubavu hadi ubavu. Kitako kimepangiwa mm 50 ili zibaki mm 5 kila upande kwa ajili ya kucha na vidole. Kikijaa pembesita yote, mchezaji hushika ndege yenyewe badala ya kitako, na bawa la MiG-17 halistahimili hilo hata kwa jioni moja.

Kitako kinatakiwa kusema mambo manne bila mtu kukinyanyua: ndege inaelekea wapi, iko kimo gani, inakwenda mwendo gani, na ni ya nani. Jambo la tano ni kusimama meza ikigongwa. Urembo unaingia baada ya hayo, na kila urembo unaoficha mojawapo ya hayo matano unaondolewa hata ukiwa mzuri namna gani.

Vipimo vya ndege zenyewe, ili kujua nafasi iliyopo: MiG-21 ina mabawa ya mita 7.15, yaani mm 24 hivi mezani. MiG-17 ina mita 9.63, yaani mm 32. Tu-22 ina urefu wa mita 41.6 na mabawa ya mita 23 na ushee, yaani mm 139 kwa mm 77. Hii inavuka pembesita yake mbele, nyuma na pembeni, kwa hiyo itahitaji hesabu yake yenyewe.

Januari, baadaye: plastiki au chuma

Vitako vya kawaida vya mchezo huu ni plastiki angavu ya mm 3 yenye kijiti cha plastiki. Mafundi wa mabango hapa mjini wana mabaki mengi ya akriliki, na wanaikata vizuri. Tatizo ni uzito. Pembesita ya mm 50 ya akriliki ya mm 3 ina gramu 8 tu, na ndege ya madini yenye gramu 6 ikikaa mm 100 juu yake, kitovu cha uzito kinapanda hadi mm 46. Hapo kitako hupinduka kabla hakijafika nyuzi 30. Pia gundi ya supa hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye akriliki kuzunguka shimo, na ukungu huo hautoki kwa kufutwa.

Umbo hilohilo likiwa la chuma cha mm 3 lina gramu 51. Kitovu cha uzito kinashuka hadi mm 14 hivi, na kitako hakipinduki mpaka kilale takriban nyuzi 60. Hakuna rangi wala ustadi unaoweza kufidia tofauti hiyo, kwa hiyo tumechagua chuma.

Februari: kukata pembesita

Chuma kinachofaa ni flatibaa ya mm 50 kwa mm 3, ileile ya grili za madirisha. Upana wake ndio upana wa kitako, kwa hiyo pande mbili za pembesita zimeshanyooshwa kiwandani na zinabaki nne za kukata. Vitako 12, pamoja na kipande cha ziada cha Tu-22, vinahitaji sentimita 80 tu, na kwenye karakana za kuchomelea mageti kipande cha namna hiyo huhesabiwa kuwa chakavu.

Namna ya kuchora: pima vipande vya mm 60 kila kimoja. Urefu wa kweli kutoka pembe hadi pembe ni mm 57.7; kinachobaki kinaliwa na jiwe la grenda na tupa. Kwenye kila ncha weka alama katikati, mm 25 kutoka ukingoni. Kutoka ncha hiyo rudi nyuma mm 14.4 kwenye kingo zote mbili, uunganishe alama hizo na ile ya katikati. Ubavu uliochorwa lazima upate mm 28.9, sawa na ubavu uliobaki ukingoni. Usipolingana, chora upya, maana tupa haiwezi kusahihisha mm 2 za kosa bila kuharibu ubavu wa jirani.

Jiwe la kukatia liwe la mm 1. Jiwe nene la kusugulia linatafuna mstari wenyewe na kupasha kipande joto mpaka kinageuka bluu. Kata nje ya mstari kwa nusu milimita, funga kipande kwenye jiliwa, malizia kwa tupa. Kisha vunja makali ya kingo zote, juu na chini, na uzungushe pembe kidogo. Pembe kali ya chuma chenye gramu 51 hupasua turubai la ramani mara ya kwanza mtu anapokisukuma badala ya kukinyanyua.

Tundu la nguzo: piga mistari mitatu kutoka pembe hadi pembe, na pale inapokutana piga alama kwa panchi. Keekee iwe ya mm 2, izunguke polepole, na tone la mafuta. Ncha nyembamba kiasi hicho huvunjika pale inapotokea upande wa pili, kwa hiyo punguza mkono mwishoni. Upande wa chini panua mdomo wa tundu kwa keekee ya mm 5, kina cha mm 1.5. Hapo ndipo kichwa cha nguzo kitakapojificha.

Angalizo la hali ya hewa: chuma kilichosuguliwa kikalala bila praima kando ya ziwa huamka na madoa ya kutu. Panapokosekana muda wa praima siku hiyohiyo, paka mafuta mepesi, kisha uyaondoe kwa thina kabla ya kuendelea.

Februari, mwisho: nguzo

Antena ya redio, ile ya kuvuta, ilifanyiwa majaribio kwanza kwa sababu inaonyesha kimo kwa macho: ndege ya juu iko juu kweli. Inapendeza ikiwa mpya. Lakini vipande vyake vinashikana kwa msuguano tu, na ukivivuta na kuvirudisha mara nyingi vinalegea, ndege inashuka yenyewe katikati ya zamu na mabishano yanaanza. Zaidi ya hapo, kila unapoipandisha ndege unapandisha na kitovu cha uzito, kwa hiyo ndege iliyo kimo cha juu ndiyo rahisi zaidi kuanguka. Imeondolewa.

Tumebaki na spoku za baiskeli. Spoku ya kawaida ni waya wa chuma wa mm 2, mgumu na ulionyooka, wenye nyuzi za skrubu upande mmoja na ile nati ndogo inayoikaza kwenye ringi. Tunachukua nusu yenye nyuzi, mm 100. Kati ya hizo, mm 5 zinaingia kwenye chuma na kugongwa, na mm 95 zinabaki juu. Kagua waya kabla ya kukata: ukiwa umepinda hata kidogo, kataa. Waya huu ni mgumu, ukiukunja na kuurudisha unabaki na kijipinda ambacho jicho linakiona haraka.

Kuufunga kwenye kitako: pasha moto mm 5 za mwisho mpaka ziive nyekundu, ziache zipoe zenyewe bila maji ili zilainike. Hili lifanyike nje, kwani spoku nyingi zina zinki na moshi wake ni sumu. Usipolainisha, ncha hupasuka ukiigonga. Shika waya kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya shaba au alumini ili meno ya jiliwa yasiukwaruze, teremsha kitako juu yake kikiwa kimegeuzwa, acha ncha ichomoze kidogo ndani ya mdomo uliopanuliwa, kisha gonga kwa nyundo ndogo, pole na kwa kuzunguka, mpaka ipanuke kama ribiti. Malizia kwa epoksi na usugue paliposimama juu ya uso. Kagua kwa skwea pande mbili kabla epoksi haijashika. Nguzo iliyolala mm 1 kwa juu inaonekana ukiwa upande wa pili wa meza.

Kimo husomwa kwenye nguzo hiyohiyo. Kuna alama nane, kila mm 10, zilizochanjwa kwa ukingo wa tupa na kujazwa rangi nyeusi. Kupaka mistari ya rangi juu ya waya hakufai, kwa sababu kielekezi kinachopanda na kushuka huikwangua. Kielekezi ni kipande cha mm 3 cha ganda la waya wa umeme wa mm² 2.5, ule wa nyuzi moja. Shaba yake ina kipenyo cha kama mm 1.8, kwa hiyo ganda likivutwa juu ya spoku ya mm 2 linabana vya kutosha kukaa lilipowekwa, na bado kidole kinalisogeza. Tumia ganda jekundu. La kijani na njano linapotea machoni juu ya rangi ya maji. Livishe kabla ya kufunga nati ya juu.

Sifuri ni uso wa ziwa, si usawa wa bahari, na kila alama ni mita 500. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na uwanja wa ndege wa Mwanza uko mita 1,147. Ukianza hesabu baharini, alama mbili za chini hazitumiki kamwe, na mchezaji anayesoma mita 1,000 atakuwa ameizamisha ndege yake.

Machi: kiungo cha juu

Sehemu hii ndiyo inayofanya ndege ionekane inaruka, tofauti na ndege iliyochomekwa kijiti. Nati ya spoku inafungwa juu ikiwa kichwa kimeangalia angani, na juu ya kichwa hicho inagundishwa gololi ya chuma. Ndani ya tumbo la ndege inazikwa sumaku. Ndege inakaa juu ya gololi, inalala bawa, inainua pua, inatoka kwa mkono mmoja wakati wa kupanga sandukuni.

Gololi tunazotumia ni za baiskeli. Za pedeli ni inchi 5/32, karibu mm 4, na zinatosha MiG zote. Za ekseli ya nyuma ni inchi 1/4, yaani mm 6.35, na hiyo ni ya Tu-22. Usijaribu kuitoboa gololi. Ni chuma kilichokomazwa, keekee ya kawaida itateleza juu yake na kuungua. Sugua upande mmoja kwenye jiwe mpaka upate kibapa kidogo, osha grisi yote kwa thina, kisha gundisha kwa epoksi juu ya tundu la nati. Ule mfereji wa bisibisi kwenye kichwa cha nati ni msaada mkubwa: epoksi inaingia humo na kushika kwa meno. Epoksi ya dakika tano inaweza kuguswa baada ya dakika tano, lakini isipewe mzigo kabla ya kesho yake.

Uzuri mwingine wa gololi tupu ni kwamba haina upande. Sumaku ikitazamana na sumaku, lazima ncha zote 12 zielekezwe sawasawa, na moja ikigeuka ndege yake inasukumwa badala ya kuvutwa. Kwa gololi, sumaku yoyote inakubali nguzo yoyote, na ndege za pande zote zinabadilishana vitako.

Sumaku za MiG ni sahani za mm 3 kwa mm 1. MiG-21 ni nyembamba, mwili wake mezani una upana wa mm 4 hivi, kwa hiyo ukitoboa mm 3 unabakiwa na ukuta wa nusu milimita kila upande. Toboa kwa mkono, anza na keekee ya mm 1, kisha 2, kisha 3, na usimame kina kikifika mm 1. Sumaku ikae sawa na ngozi ya tumbo, isizame. Kila kipande cha karatasi, rangi au hewa kati yake na gololi kinakula nguvu, kwa hiyo tumbo linafunikwa kwa tepu hapo wakati wa kupaka rangi. Kwaruza uso wa sumaku kwa msasa kabla ya kugundisha, kwani ganda lake la nikeli ni laini mno. Gundi ya supa hushika kwa siku chache, kisha sumaku inabaki juu ya gololi na ndege inabaki mkononi. Tumia epoksi. Na sumaku za aina hii zisiwekwe karibu na moto wa kuchomelea: za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi 80 za Selsiasi.

Pa kutoboa hapakisiwi kwa macho. Laza ndege juu ya ubapa wa kisu, tafuta inapolingana, weka alama. Tu-22 ina injini zake mbili mkiani juu, kando ya usukani, kwa hiyo mfano wake hulingana nyuma ya katikati ya mwili. Ukiitoboa katikati, itainua pua yenyewe hata kwa sumaku kubwa. Kwa hii tumetumia sumaku ya mm 6 kwa mm 2.

Ndege ikiteleza ikiwa imelazwa bawa, sugua juu ya gololi kwa msasa namba 400. Uso unaong'aa ndio unaoteleza.

Tu-22 yenyewe

Ina gramu 35. Juu ya kitako kimoja cha gramu 51 na nguzo ya kawaida ingekuwa chini ya nyuzi 30, sawa na plastiki tuliyoikataa. Flatibaa pana zaidi ingevuka pembesita ya ramani. Suluhisho ni pembesita mbili za chuma zilizogundishwa pamoja na kupigwa ribiti moja, na nguzo iliyofupishwa hadi mm 70. Sasa inasimama mpaka karibu nyuzi 48. Ufupi huo una faida ya pili: mabawa yake ya mm 77 yanapita chini ya ndege za jirani badala ya kugongana nazo. Alama za kimo kwenye nguzo hii zina mm 7 kila moja, ili zote nane zienee.

Machi hadi Aprili: rangi, na masika

Thina, msasa namba 120 kisha 240, praima ya chuma, halafu rangi za akriliki za maji. Masika inachelewesha yote. Vanishi ya kupuliza ikipigwa asubuhi hewa ikiwa nzito inakuwa na weupe kama maziwa, kwa sababu thina inapokauka hupoza uso na unyevu wa hewa unaganda juu yake. Pulizia mchana, jua likiwa limekausha hewa, tabaka nyembamba, na kitako kiwe na joto la chumba. Weupe ukitokea, mara nyingi tabaka jepesi la vanishi hiyohiyo siku kavu huuondoa.

Sasa sura ya ziwa. Vitako vingi vya majini hujengewa mawimbi ya jeli au karatasi, na picha zake huvutia sana. Kwa ndege ni makosa. Wimbi la nusu mita kwa kipimo cha 1/300 halifiki mm 2, na jicho likiona wimbi hilo linaamini ndege iko mita 30 juu ya maji, hata kielekezi kikisema 3,000. Sisi tumeichukulia ardhi ya kitako kuwa ya 1/3000. Kwa kipimo hicho mawimbi hayapo kabisa, linabaki badiliko la rangi tu: buluu ya kijivu kwa maji ya kilindini, kijani chenye ukahawia kwa Ghuba ya Mwanza na penye kina kifupi. Rangi mbili hizo, sifongo kidogo, mpito usio na mstari.

Vitako vitatu vina visiwa. Mawe ni vumbi la kokoto, graniti ya hapahapa, lililochujwa kwa kichujio cha chai. Jabali la mita 6 linapata mm 2, na hapo linakaa sawa. Kokoto nzima inaweza kuvutia mkononi, lakini inageuka mlima.

Mambo ambayo hayakupakwa, na sababu zake. Kivuli cha ndege na mng'ao wa jua: kitako kinageuka na ndege kila zamu, kwa hiyo jua lingekuwa pande sita kwa wakati mmoja. Magugu maji: yalianza kuripotiwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hayana nafasi katika 1979, ingawa kijani chake kingependeza. Daraja la Kigongo–Busisi: lilifunguliwa 2025.

Mwendo unaonyeshwa kwa namba 1 hadi 6, moja kwenye kila ubavu, na sumaku ya mm 5 kwa mm 1 iliyopakwa nyeupe inayowekwa karibu na namba husika. Chuma cha kitako kinaishika chenyewe. Sumaku ikae juu ya uso, kamwe isibandikwe kwenye ukingo wa wima, maana hapo inavuta kitako cha jirani na ndege mbili zinagongana bila amri ya mtu. Pembetatu nyeupe inayoteremka kwenye ukingo ndiyo mbele.

Rangi ya ukingo inasema ndege ni ya nani: buluu kwa Tanzania, nyekundu kwa Uganda, kijani kwa Libya. Tanzania ingestahili kijani pia, lakini bendera ya Libya tangu 1977 ilikuwa kijani kitupu na haina rangi nyingine ya kuazima.

Vanishi ya mwisho ni ya nusu mng'ao. Inayong'aa kabisa inarudisha taa ya chumbani machoni, na namba za mwendo hazisomeki.

Aprili: chini ya kitako

Mpira wa tyubu ya baiskeli unashika ramani vizuri mno, ila mpira mweusi ukikaa juu ya turubai la plastiki huacha doa la kahawia linaloingia ndani na halisuguliki. Tunatumia feliti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa) ya mm 1, iliyogundishwa kwa gundi ya mbao na kukatwa milimita moja ndani ya ukingo ili isichungulie. Gundi ikiwa nyingi inapenya na feliti inakuwa ngumu kama ubao, kwa hiyo paka chuma, usipake kitambaa.

Hali ilivyo: MiG zote za Tanzania zimekamilika, MiG-21 za Uganda zinasubiri vanishi siku ya jua, MiG-17 ziko kwenye praima. Tu-22 imesimama juu ya nguzo yake na imebakiza namba na feliti. Linalofuata ni sanduku: vitako vya chuma vitasimama juu ya karatasi ya sumaku iliyobandikwa chini, nguzo zikiwa zimevuliwa ndege, na ndege zilale kwenye trei ya juu, umbali wa kutosha ili sumaku za matumboni zisivutane.